Mtu Mmoja Yuko Juu

Bwana Miti aliogopa maji. Naanza na hilo kwa sababu watu wamelisahau, hata wale waliomjua kwa miaka mingi, na kwangu ndilo linalouma zaidi kila ninapomkumbuka. Mtu aliyefanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika bonde lenye vivuko tisa, akipanda na kushuka karibu kila wiki, hakujua kuogelea hata kidogo. Kila alipofika ukingoni alisimama, akavua kofia, akajifuta uso kwa kofia hiyo hiyo, ndipo akatia mguu majini. Mara ya kwanza nilidhani anasali. Nilipomuuliza akanijibu, "Sisali, Mwalimu. Naogopa. Ngoja niogope kwanza, halafu tuvuke."

Hakuwa bwana miti hasa. Bwana miti wa kweli alikuwa mjini Katesh, na ofisi, pikipiki na mhuri. Huyu wetu alikuwa mlinzi wa msitu, mtu wa koti la kijani lililopauka na panga kiunoni, aliyepewa na serikali upande mmoja wa Mlima Hanang auangalie, ule unaoteremkia Mogitu. Lakini wanafunzi wangu walimwita Bwana Miti, wazazi wao wakamwita hivyo, nami nilipohamishiwa shule ile nikafuata. Hata mke wake alipokuja kumtembelea kutoka Nambis, kwao Mbulu, alimwita Bwana Miti mbele za watu, na mwenyewe akaitika bila kucheka.

Kituo chake kilikuwa kibanda cha mbao na mabati, juu kabisa mahali mto unapoanzia. Kutoka shuleni hadi pale ni saa sita kwa mtu mwenye afya, na nasema saa sita za kiangazi. Unaanza na mashamba ya mahindi na maharage, watu wakikusalimia na kukuuliza umepotelea wapi. Halafu bonde linabana, kuta zinapanda pande zote mbili, na huna pa kupita isipokuwa kuufuata mto, mara kushoto kwake, mara kulia. Ndiyo maana ya vivuko tisa. Baada ya kivuko cha nne hakuna tena njia ya kuitwa njia. Kuna mizizi unayoipanda kwa mikono, kuna matope yanayovua watu viatu, na kuna majani yanayowasha ambayo mgeni huyashika mara moja tu maishani. Kivuko kibaya ni cha saba. Mto pale unapita kati ya mawe mawili makubwa, na lile la kukanyagia linateleza hata jua likiwa kali.

Nilipanda naye mara ya kwanza likizo ya Juni. Sikuwa na mke bado, wala shamba, na mshahara wa mwalimu miaka ile ulikuja siku uliyojisikia kuja. Nilivaa viatu vya kufundishia. Kufika kivuko cha tano nilikuwa nimekwisha, nikaketi chini bila kuomba ruhusa. Hakunipa pole wala hakunihimiza. Alikaa kwenye gogo, akatoa kiazi cha kuchemsha mfukoni, akakikata kwa panga na kunipa nusu. "Huku hakuna kengele, Mwalimu," alisema. "Hakuna wa kukuchapa ukichelewa." Tangu siku hiyo kila nilipochoka alinikumbusha habari ya kengele, na alifurahia utani wake kila mara upya.

Alitembea polepole mno. Mimi kijana niliyekuwa nyuma yake niliona kama ninadhalilishwa. Nilimpita mara mbili tatu kwa jeuri, nikatangulia nikiruka mawe, na kila mara alinikuta mbele nimejilaza ninahema, naye anapumua kama mtu aliyetoka kanisani. Alikuwa na kanuni kwamba mtu asitembee kasi kuliko anavyoweza kuzungumza. Na kwa kuwa alipenda kuzungumza, tulichelewa.

Kibandani alikuwa na kitanda kimoja cha mbao. Mgeni yeyote alilala kitandani, awe mwalimu, mrina asali au mchungaji anayetafuta ng'ombe aliyepotea, naye alijikunja chini kando ya moto. Huwezi kumshinda kwa hilo. Lakini asubuhi alilalamikia mgongo wake kwa sauti, akiuelezea pingili kwa pingili, mpaka mgeni akajuta kuzaliwa. Sukari aliificha kwenye kopo nyuma ya mabunda ya kuni, akaapa kwamba hana. Siku nilipoliona kopo alinitazama bila haya. "Ile ni ya wagonjwa," akasema, na kweli, mwaka uliofuata niliposhikwa na homa kule juu alinikorogea chai tamu mpaka ikashindikana kunyweka.

Wanawake wa Mogitu walimwogopa na kumcheka kwa wakati mmoja. Kuni kavu aliruhusu, mbichi hapana. Akimkuta mama na mzigo wa kuni mbichi alimsema mpaka machozi yakatoka, akamnyang'anya panga, kisha akaubeba mzigo ule ule mgongoni mwake hadi ukingo wa msitu, kwa maelezo kwamba mama wa watu atavunjika kiuno. Panga alilirudisha Jumapili, mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wote, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Mtu huyo huyo, kanisa lilipokuwa linajengwa, aliona mti mmoja mzuri wa podo umeangushwa na kupasuliwa mbao za milango. Katekista alipomuuliza kama kuna tatizo, akajibu kwamba mti ule ulianguka wenyewe. Kisiki kilikuwa na alama za shoka ambazo hata mtoto wa darasa la kwanza angezisoma.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa minadani, malori ya watu binafsi yalipita barabarani usiku na mchana, na sisi walimu tuliuza karanga na maandazi wakati wa mapumziko. Bwana Miti hakuwa na msimamo mmoja juu ya mambo haya. Aliwachukia wafanyabiashara wa mbao waliokuja na misumeno na barua zisizoeleweka. Lakini mnadani alijinunulia koti la mvua la njano, la kike, lenye kifungo cha ua shingoni, na hakuna kitu alichokipenda kama koti lile. Tulimcheka. Alisema hakuna mti uliowahi kumuuliza koti ni la nani.

Sasa niseme habari ya mawe, maana bila hiyo hutamwelewa.

Kwenye kivuko cha kwanza palikuwa na mwamba bapa, mpana kama meza. Amri yake ilikuwa moja tu: ukipanda, weka jiwe moja juu ya mwamba, ukishuka, liondoe ulitupe mtoni. Mkiwa wawili, mawe mawili. Aliita hilo kuweka mtu. Miaka ya nyuma kabla sijafika, mrina asali mmoja alivunjika kifundo cha mguu kule juu, akalala siku nne, na Bwana Miti alikuwa amepita chini yake mara mbili bila kujua kwamba kuna mtu. Yule mtu alipona. Bwana Miti hakupona sawasawa. Ndipo akaanza na mawe, akawafundisha warina asali, wachungaji, akina mama wa kuni, hata watoto, na watu wakashika, kwa sababu si kazi kubwa kuweka jiwe. Yeye akifika pale alihesabu mawe kabla hajamsalimia mtu. "Mtu mmoja yuko juu," alisema, na siku hiyo hakuweza kula chakula cha jioni kwa utulivu mpaka huyo mmoja ashuke.

Nilimpenda mzee yule. Naliandika wazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji asiniamini.

Alikuja mtu kutoka Arusha, wa kampuni ya kutembeza watalii, moja ya zile zilizoota kila mahali wakati ule. Alitaka njia ya bonde na kibanda cha kulaza wageni. Akapelekwa kwa Bwana Miti, na Bwana Miti akakataa. Alisema kibanda kina kitanda kimoja. Alisema wageni hawataweka mawe, au wataweka kwa kucheza, na yeye hatamwingiza mtu asiyemjua kwenye maji ambayo mwenyewe anayaogopa. Nilimwona mjinga. Yule mtu wa Arusha alipopita shuleni kuaga, nilimwambia kando kwamba mimi ninaijua njia, na kwamba naweza kumchorea ramani, vivuko vyote na saa zote, hata sehemu za kusimika mahema. Nilitaka kuwa mtu wa kuongoza watalii. Nilishajiona na kofia pana.

Nafasi ikapatikana likizo ya Pasaka. Bwana Miti alikuwa amekwenda Nambis kumzika kaka yake. Niliwaambia majirani kwamba naenda Babati kwa ndugu, nikapanda bonde peke yangu alfajiri na daftari la mistari mkobani. Nilipofika kwenye mwamba nikaweka jiwe langu. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimekuja kwa siri, hapakuwa na mtu wa kunitazama, lakini mkono ulishazoea. Ningekuwa mkaidi kabisa nisingeliweka, na hadithi hii isingekuwapo.

Nilichora njia yote, nikalala kibandani. Asubuhi wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima na sauti ya mto ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito. Nilifikiria kivuko cha saba, moyo ukakataa. Kuna njia nyingine inayopanda bega la mlima na kuteremkia Endasak, kali lakini kavu, haina mto. Nikaishika hiyo. Mchana nilikuwa Endasak, na bahati yangu ilikuwa siku ya mnada. Nikakutana na mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, tukala nyama choma, tukacheka, mvua ikaanza, akanikaribisha kwake. Ilinyesha siku ya pili na ya tatu, nami nikakaa kwake, nikila na kulala. Jiwe halikunijia akilini hata mara moja. Laiti ningekuwa mgonjwa au nimepatwa na shida, leo ningekuwa na cha kujitetea.

Bwana Miti alirudi kutoka mazikoni mvua ikiwa siku ya pili. Akapita kwenye mwamba, akakuta jiwe moja. Alirudi kijijini akauliza nyumba kwa nyumba ni nani aliyepanda. Hakuna. Warina asali wote wako nyumbani, wachungaji wote wako nyumbani, Mwalimu yuko Babati. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia labda ni watoto wamecheza. Akajibu kwamba watoto wake hawachezi na mwamba ule. Akavaa koti lake la njano, akaweka jiwe lake kando ya langu, akapanda.

Alitafuta siku mbili. Alivuka kivuko cha saba akienda, akavuka akirudi, na safari ya tatu lile jiwe likamtupa. Paja lilivunjika. Alijivuta hadi juu ya ukingo na kulala pale usiku mzima. Vijana wa kijiji walimpata kesho yake, kwa sababu walikwenda kwenye mwamba wakaona mawe mawili hayajaondolewa. Wakamtoa kwa machela ya miti, vivuko sita, maji yakiwafika kifuani, yeye asiyejua kuogelea amefumba macho. Haya yote nilisimuliwa nilipofika Mogitu siku ya sita, nimeshiba, nguo zimefuliwa na mke wa rafiki yangu.

Nilikwenda hospitali na machungwa. Mguu ulikuwa umening'inizwa. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijamwuliza hali akanishika mkono.

"Mwalimu, kuna mtu juu."

"Pumzika, Mzee."

"Nitapumzikaje? Nimemwita siku mbili. Ama hana sauti, ama mto umemchukua. Wewe ni mtu wa kalamu. Mwandikie Mwenyekiti wakusanye watu."

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja ingetosha, na sentensi ndiyo kazi niliyosomea. Lakini ningesema nilikwenda kufanya nini kule? Ningesema ramani? Nilitazama ule mguu. Nikatoa karatasi, naye akanitajia maneno, nami nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni kwamba kuna mtu mmoja juu ya bonde, hajulikani ni nani, atafutwe. Nikaipeleka barua mwenyewe. Watu wakakusanyika, na mimi kati yao. Tulipanda mpaka kivuko cha sita, tukaita kutwa nzima, "Ee bwana! Ee ndugu!" Niliita pamoja nao. Nilijitafuta mwenyewe kwa sauti kubwa, watu wakanisifu kwamba Mwalimu ana moyo.

Mguu uliunga vibaya. Mwaka huo huo serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na mlinzi asiyeweza kupanda mlima hakuhitaji kujadiliwa. Alirudi Nambis na mfuko mmoja na koti la njano. Hakuna aliyewekwa badala yake. Mabati ya kibanda yaliondoka moja moja, kisha mbao, na misumeno ikalia bondeni mchana kweupe. Ramani yangu niliipeleka Arusha. Yule bwana aliitazama, akaniambia sasa kibanda hakina paa haimfai. Kwa hiyo hata kofia pana sikuivaa.

Watu huniambia kwamba angepunguzwa tu, mguu au si mguu, walinzi wengi walipunguzwa. Inawezekana. Mimi sijawahi kupata nafuu kwa maneno hayo.

Nilimwona tena mkoa ulipogawanywa na sisi tukawa Manyara. Alikuja Katesh kufuatilia karatasi zake za utumishi, ambazo sasa hazikujulikana ziko ofisi ipi, Arusha ama Babati. Alinikuta mgahawani ninakunywa chai na walimu wenzangu. Nilikuwa mwalimu mkuu, nina mke na watoto watatu. Alikuwa anatembelea gongo, amekonda, na bado alisimama mlangoni akavua kofia na kujifuta uso kwanza kabla ya kuingia kwenye watu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za Mogitu?"

"Nzuri."

Akasogea karibu, akashusha sauti ili wenzangu wasisikie. "Wamempata?"

Nilijua anamsema nani. Walimu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Bado, Mzee."

Bado. Nilikuwa na maneno yote ya Kiswahili mbele yangu, nikachagua hilo. Neno lile lilimpa kazi ya kusubiri miaka mingine kumi na zaidi, nami nikalitamka huku nimeshika kikombe. Alitikisa kichwa taratibu, akanishukuru, akakataa chai, akaenda zake stendi.

Nilistaafu. Nilianza kulala vibaya. Mke wangu, niliyemweleza yote hatimaye, hakunipa ushauri mrefu. Aliniuliza, "Yu hai?" Nikasema nasikia yu hai. Akasema, "Basi unangoja nini, afe?"

Nikaenda Nambis. Kutoka Mbulu mjini nilichukua bodaboda, kijana akaniuliza kwa nani, nikamtajia, akasema, "Aa, yule babu wa mguu." Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na shamba la mahindi yaliyokwisha kubeba likifika karibu na mlango. Alikuwa amekaa kwenye kigoda juani. Alinitambua kwa sauti kabla ya sura.

"Mwalimu wa kengele!" alisema. Nilimwamkia, akaniitikia, akamwita mke wake alete kiti. Tulizungumza mvua, mahindi, waliokufa Mogitu. Nilizungumza sana, kama mtu anayetafuta mlango gizani, mpaka yeye mwenyewe akanikatiza.

"Mwalimu, hukuja kuniuliza mahindi."

Nikamwambia. Ramani, daftari, jiwe, njia ya Endasak, mnada, nyama. Sikujificha nyuma ya neno lolote. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, sikio moja likinielekea. Nilipomaliza akainua kichwa.

"Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi, Mzee."

"Ulishuka Endasak siku ile ile, kabla ya mvua?"

"Kabla ya mvua."

"Hukudhurika."

"Sikudhurika."

Uso wake ukafunguka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, nimejitayarisha hata kwa gongo, sikujitayarisha kwa furaha. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akageukia ndani ya nyumba akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Mama! Mama, njoo! Yule mtu ni mzima! Hakufa! Yule mtu wa bondeni ni mzima!"

Mke wake akatoka na birika mkononi. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi.

"Mtu gani?"

"Yule! Ni Mwalimu! Alishuka njia ya Endasak, mvua haikumkuta hata kidogo!" Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Mimi namwita huku, kumbe mwenzangu yuko mnadani!"

Mama hakucheka. Aliweka birika chini polepole. "Kila siku ya kuwaombea marehemu amemtaja huyo mtu kanisani," aliniambia. "Hana jina, anasema tu yule niliyemwacha. Mwaka hata mwaka. Usiku huamka anasema anasikia anaitwa." Kisha akauliza kwa adabu kabisa, kama anauliza habari ya njiani. "Na wewe, Mwalimu, ulikuwa unajua kwamba ni wewe?"

"Nilikuwa najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

Mikono ya mzee ilikuwa bado imeshika mkono wangu. Niliihisi inalegea, kidole kimoja kimoja. Kicheko kilikuwa kimebaki usoni mwake bila kujua kwamba kimekwisha.

"Ile barua," alisema. "Uliiandika wewe."

"Ndiyo."

"Na pale Katesh nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mzee. Nisamehe."

Aliufikiria mguu wake, nadhani, maana aliutazama na kuupapasa. "Huu nimekusamehe," alisema. "Huu mtu yeyote angeweza kuuvunja. Nilikuwa kazini." Habari ya barua na ya Katesh hakuigusa. Alishika gongo lake, akainuka kwa shida, nami nilipoinuka kumsaidia akaniashiria nikae.

"Mpe chai, Mama," alisema. "Ametoka mbali. Mtilie sukari."

Akaingia kwenye mahindi, hatua kwa hatua, mpaka majani yakamfunika. Mama akanimiminia chai. Niliinywa yote, ilikuwa tamu. Nilipomaliza nilisubiri tena, kisha nikamuaga mama, nikasimama ukingoni mwa shamba. Nilimwona kwa kofia tu, kwenye mistari ya katikati, amenipa mgongo.

"Mzee, mimi naondoka. Nisamehe."

"Haya, Mwalimu," alinijibu kutoka ndani ya mahindi. "Nenda salama."

Nikangoja ageuke. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akiningoja akawasha pikipiki, akaniambia, "Mzee, twende, mvua inakuja."